Mkopo wa kununua na kukarabati nyumba chakavu: tathmini ya mteja kutoka Tabata

Tathmini hii inahusu huduma moja tu, nayo ni mkopo wa nyumba unaounganisha bei ya ununuzi na gharama za ukarabati katika mkataba mmoja. Mimi na mume wangu tuliuchukua mkopo huo katika benki moja ya biashara hapa Dar es Salaam. Benki hiyo siitaji jina, kwa kuwa nitakayoyaeleza yanategemea zaidi jinsi mkopo wenyewe ulivyoundwa kuliko watu waliotuhudumia. Uamuzi wangu nautanguliza ili msomaji asisubiri. Kwa upande wa uhakiki wa hati na usalama wa mnunuzi, huduma hii ni nzuri sana, na ningeilipia tena. Kwa upande wa kutoa fedha za ukarabati kwa wakati, ilitukwamisha vibaya katika mwezi ambao hatukupaswa kukwama. Mtu asiye na akiba yake taslimu inayokaribia theluthi ya gharama yote asiianze safari hii, hata kama tangazo linasema mteja huchangia asilimia 20 peke yake.

Nyumba tuliyoinunua ipo Tabata, ina vyumba vitatu na sebule, na ilijengwa katikati ya miaka ya 1980 juu ya kiwanja kilichopimwa. Kwa miaka kadhaa ilikuwa imefungwa, na majirani walikuwa wameanza kutupa matawi na vifusi nyuma ya jiko. Dalali alitaja shilingi milioni 110. Tulifika milioni 95 kwa sababu ya fundi mmoja mzee ambaye mume wangu alimfahamu tangu alipokuwa akijenga kanisani kwao. Fundi huyo alikataa kutoa neno lolote akiwa chini. Alipanda darini akiwa na kisu cha jikoni, akanyamaza kwa muda, kisha akaniita: "Mama, rangi ya bati isikuhangaishe. Njoo utazame mbao." Nilipochungulia nilimwona akikichoma kisu kwenye kenchi, nacho kikazama hadi mpini bila nguvu yoyote, na vumbi la mchwa likamwagika kama unga wa muhogo. Baadaye aliigonga linta ya dirisha la sebuleni kwa nyundo ndogo. Kipande cha zege kikadondoka, na ndani yake tukaiona nondo iliyokuwa imeliwa na kutu hadi kubaki nyembamba kuliko penseli. Alitueleza kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo nondo inayooza hulisukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke, na kwamba mchanga wenye chumvi huiharakisha kazi hiyo. Nyufa tulizodhani ni za plasta zilikuwa zimetokea huko.

Nimeieleza hali hiyo kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoamua aina ya mkopo. Nyumba inayohitaji rangi na vitasa hununuliwa kwa mkopo wa kawaida wa nyumba, na mengine hufuata polepole kadiri mshahara unavyoruhusu. Nyumba yenye paa la kuezuliwa, linta za kuvunjwa, wayaringi ya kung'olewa yote na karo la choo lililotitia haikaliki hata siku moja kabla ya kutengenezwa, na benki nyingi huitazama kama dhamana mbovu. Mkopo tulioomba unakusudiwa nyumba za namna hiyo hasa, nami naamini unahitajika sana katika jiji hili. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilikuwa viwanja vya mradi wa miaka ya 1970 wa kugawa viwanja vilivyopimwa, na Tabata, Temeke na Magomeni zina nyumba nyingi za umri unaokaribiana na huo. Barabara zipo, maji ya DAWASA yapo, shule zipo karibu, lakini majengo yamechoka. Kijana anayeanza maisha huambiwa aende akajenge mbali kabisa, huku nyumba zilizo katikati ya huduma zote zikiporomoka kwa kukosa mtu wa kuzikopesha.

Historia yetu inaeleza kwa nini mikopo hii bado ni michache. Benki ya Nyumba Tanzania ilianzishwa katika miaka ya 1970 na ikafungwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi baada ya hapo mtu wa kawaida hakuwa na pa kukopa fedha za nyumba kwa muda mrefu. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu mikopo ya nyumba iliweka wazi taratibu za rehani, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC, ambayo kazi yake ni kuzipatia benki fedha za muda mrefu ili nazo ziweze kumkopesha mteja kwa miaka 15 au 20 badala ya miaka mitano. Mteja haendi TMRC, anakwenda benki yake, lakini bila mfuko huo nyuma ya pazia muda tuliopewa sisi usingewezekana. Riba, hata hivyo, imebaki kuwa kubwa. Mikopo ya nyumba nchini imekuwa kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Sisi tulipewa asilimia 17 kwa miaka 15.

Nianze na kilicho bora katika huduma hii, yaani kazi ya wakili wa benki. Kabla ya nyumba ya Tabata tulikuwa tumependa nyingine, na muuzaji alikuwa na hati miliki halisi mkononi. Wakili aliifungua ukurasa wa kwanza, akahesabu, akatuambia kwamba hati hiyo ni ya miaka 33 na imebakiza miaka minne, kwa hiyo benki haiwezi kuipokea kwa mkopo wa miaka 15 mpaka muuzaji aombe upya umiliki. Hakuna dalali aliyewahi kutueleza jambo hilo. Msomaji anayetafuta nyumba ya zamani aliangalie kabla ya kuangalia vyumba: hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na nyumba za miaka ya 1980 na 1990 zenye hati za miaka 33 zimo katika miaka yake ya mwisho, au zimeshaipita. Wenye leseni za makazi nao wajue kwamba leseni ni ya muda mfupi na haibebi mkopo wa miaka mingi, ingawa husaidia kupata mikopo midogo.

Kwa nyumba ya Tabata hati ilikuwa ya miaka 66, jambo lililotufurahisha, lakini utafutaji katika ofisi ya Msajili wa Hati ulionyesha kwamba jina lililoandikwa bado ni la baba wa familia, aliyekwisha kufariki. Mtoto aliyekuwa akituuzia alikuwa na barua ya ukoo na muhuri wa serikali ya mtaa, na kwa moyo mweupe kabisa aliamini kwamba vinatosha. Havitoshi. Ilibidi ateuliwe na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, kisha jina lake kama msimamizi liandikwe katika hati, ndipo aweze kuuza. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miezi mitatu, na katika muda huo mnunuzi mwingine mwenye fedha taslimu alikuja mara mbili. Tuliinusuru nyumba kwa kuweka malipo ya awali kupitia mkataba ulioandikwa na wakili, wenye tarehe ya mwisho na kifungu cha kurudishiwa fedha. Lau tungekuwa na fedha taslimu sisi wenyewe, naogopa tungenunua siku ileile kwa barua ya ukoo, na leo tungekuwa mahakamani na shangazi mmoja wa familia ile ambaye hakuwahi kushirikishwa.

Benki pia ilidai ridhaa ya maandishi ya mwenzi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu nyumba ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume au mke, na benki ilimtaka mume wangu na mimi tutie saini mbele ya wakili, kila mmoja akiulizwa peke yake kama ameelewa. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa usumbufu. Mimi nimewaona wanawake waliotolewa katika nyumba kwa mikopo ambayo hawakuijua, na ninaiheshimu benki kwa dakika zile ishirini ambazo wakili alinieleza kwa Kiswahili sanifu nini kitatokea tusipolipa.

Baada ya hati ilikuja thamani, na hapo ndipo hesabu zilipoanza kuwa ngumu. Mthamini aliyesajiliwa alifika akapima kiwanja na jengo, akapiga picha, akauandika ufa kwa ufa. Ripoti yake ilionyesha thamani ya soko ya shilingi milioni 88, na thamani ya mauzo ya haraka, ambayo benki huitazama kwa jicho la siku ya mnada, milioni 66. Bei tuliyokubaliana ilikuwa milioni 95. Benki hukopesha asilimia 80 ya kilicho kidogo kati ya bei na thamani ya soko, kwa hiyo sehemu ya ununuzi ikawa milioni 70.4, na milioni 24.6 zikatoka kwetu. Kwa nyumba nzima na safi, tofauti kati ya bei na thamani huwa ndogo. Kwa nyumba chakavu mthamini huandika anachokiona, ilhali muuzaji hudai thamani ya mtaa, na anayeziba pengo hilo ni mnunuzi. Tulirudi kwa muuzaji na ripoti mkononi tukitumaini kwamba atapunguza, lakini alisimama palepale.

Kwa sehemu ya ukarabati, benki ilitaka mchanganuo wa vifaa na gharama, ule ambao mafundi wote huuita BOQ, uliotayarishwa na mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, pamoja na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri kwa kuwa tulikuwa tunabadilisha paa na kuhamisha ukuta mmoja. Jumla ikawa milioni 38. Mthamini akakadiria kwamba nyumba ikishakamilika itafikia milioni 140, na asilimia 80 yake ni milioni 112, kwa hiyo nafasi ilikuwapo. Lakini mishahara yetu miwili haikubeba zote, na benki ikaidhinisha milioni 30 za ukarabati. Mkopo wote ukawa milioni 100.4, na rejesho kamili la kila mwezi likawa karibu shilingi 1,545,000.

Hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu moja zaidi, kwa sababu haikuwa katika karatasi yoyote ya matangazo. Milioni 24.6 za ununuzi, milioni 8 za ukarabati ambazo mkopo haukuzifikia, na karibu milioni 5 za ada ya mkopo, mthamini, wakili, ushuru wa stempu wa asilimia 1, usajili wa rehani na bima, zinafanya milioni 37.6. Nyumba na matengenezo yake vilikuwa milioni 133. Kwa hiyo mchango wetu halisi ulikuwa asilimia 28, na sehemu yake kubwa ilitakiwa kabla ya shilingi ya kwanza ya benki kutoka. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, kisheria ni ya muuzaji, lakini hapa mjini wauzaji wengi husema wanataka fedha yao iwe kamili mkononi, maana yake mnunuzi abebe kodi zote. Sisi tulikataa mapema na tukaandika hivyo kwenye mkataba. Anayekubali bila kuuliza atajikuta anatafuta mamilioni mengine wiki ya mwisho.

Sasa nifike kwenye kasoro. Fedha za ukarabati hazitolewi kwa mkupuo. Zetu ziligawanywa katika awamu tatu za milioni 12, milioni 10 na milioni 8, na masharti yalikuwa kwamba mteja atumie kwanza mchango wake wote wa milioni 8, mkaguzi wa benki aje athibitishe kazi, ndipo awamu ya kwanza ilipwe, na vivyo hivyo kwa awamu zinazofuata. Utaratibu wenyewe siulaumu. Unaizuia fedha ya nyumba isiende kwenye harusi, na unamlinda mteja dhidi ya fundi anayetoweka na malipo ya awali. Tatizo ni kwamba mkataba ulieleza kwa siku na tarehe wajibu wetu wote, lakini wajibu wa benki wa kuja kukagua haukuwa na siku yoyote. Uliandikwa kwamba ukaguzi utafanyika "baada ya ombi la mteja", na sisi hatukuuliza ni baada kwa muda gani.

Tulikabidhiwa nyumba mwishoni mwa Januari 2024. Fundi, kama fundi yeyote mwenye akili, alitaka kuanza na paa, kwa sababu huwezi kupiga plasta wala dari chini ya bati linalovuja. Basi milioni 8 zetu zikanunua mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, saruji na nondo za linta mpya, na kulipa ujira. Tarehe 4 Machi kenchi mpya zilikuwa zimesimama, linta zimemwagwa, nyumba iko wazi kutoka ukuta hadi ukuta, na fedha zimekwisha. Siku hiyohiyo nilipeleka ombi la ukaguzi ili awamu ya kwanza ilipwe tununue bati. Afisa mikopo, kijana mwungwana ambaye sina ugomvi naye, alinijibu, "Dada, mkaguzi anahudumia matawi mengi, mvumilie kidogo." Mkaguzi alifika tarehe 27 Machi. Ripoti yake ilihitaji kusainiwa na idara mbili, na fedha ziliingia katika wiki ya pili ya Aprili.

Anayelijua jiji hili anajua kilichokuwa kikitokea angani katika wiki hizo. Masika ya 2024 yalikuwa mazito. Tulinunua maturubai mawili makubwa, upepo ukachana moja. Maji yalisimama sebuleni hadi kifundo cha mguu, ukuta wa ndani uliokuwa mzima ukalainika chini na plasta ikaachia, na mbao mbili za kenchi zikapinda kabla ya kupigiliwa bati. Gharama ya ziada ilifika karibu shilingi milioni 2.3, na hakuna mstari katika BOQ unaoiruhusu benki kuilipa, kwa kuwa ni kazi iliyorudiwa. Wakati huohuo tulikuwa tumeanza kulipa rejesho la sehemu ya ununuzi, karibu 1,083,000 kwa mwezi, na bado tulikuwa tukilipa kodi ya 400,000 kwa mwenye nyumba wetu Ubungo. Usiku mmoja wa mvua mume wangu alikaa kitandani akisikiliza bati la nyumba ya kupanga likipigwa, na tukajua wote wawili kwamba anaiwazia ile nyingine isiyo na bati. Nimelisema jambo hili mbele ya meneja wa tawi na ninalirudia hapa: benki inayokopesha kwa ajili ya nyumba isiyo na paa inapaswa kuwa na mkaguzi anayefika ndani ya siku saba, na ahadi hiyo iandikwe kwenye mkataba kama riba inavyoandikwa.

Awamu mbili zilizofuata zilikwenda vizuri zaidi, nami nadhani ni kwa sababu tulibadilisha mpangilio wa kazi. Badala ya kufuata mfuatano wa fundi, tulifuata kalenda ya benki: ombi la ukaguzi tulilipeleka siku kumi kabla kazi haijaisha, tukiambatanisha picha na stakabadhi, na kila awamu tuliimalizia kwa kazi ambayo nyumba ingeweza kusubiri bila kuharibika. Kama ningeanza upya, mchango wangu wa kwanza ningeutumia kwenye karo la choo, mabomba ya chini na wayaringi ya ukutani, kazi ambazo mkaguzi anaziona na mvua haizidhuru, kisha bati la zamani ningeliezua siku ambayo fedha za bati jipya zimo kwenye akaunti. Fundi atanung'unika kwamba waya haupitishwi kabla ya paa. Ukutani unapita, na wa darini utangoja.

Jirani yetu mmoja, ambaye binti yake anaishi Marekani, alituonyesha jinsi huko wanavyolishughulikia jambo hili, na linganisho hilo lilinifungua macho. Shirika la serikali la FHA, lililoanzishwa mwaka 1934, hudhamini mkopo uitwao 203(k), ambao kwa mkataba mmoja unagharamia nyumba na matengenezo yake. Mkopo huo unaangalia thamani itakayokuwapo baada ya matengenezo, na mteja anayetimiza vigezo anaweza kuanza na mchango wa asilimia 3.5. Upo wa aina mbili, mmoja wa matengenezo madogo, ambao kikomo chake kilipandishwa hadi dola 75,000 mwishoni mwa 2024, na mwingine wa matengenezo makubwa yanayogusa muundo wa jengo, ambao humlazimu mteja kuwa na mshauri anayekagua kazi. Fedha zote za ukarabati huwekwa katika akaunti maalumu siku ya kufunga mkataba, na hutolewa kadiri kazi inavyokwenda, huku asilimia 10 ya kila malipo ikizuiwa hadi mwisho. Riba zetu na zao hazifanani, na sitegemei benki ya Dar es Salaam ianze kesho kukopesha asilimia 96.5. Lakini mambo mawili hayahitaji utajiri wa nchi: kuzitenga fedha tangu mwanzo badala ya kuziombea kibali upya kila awamu, na kumpa mteja mshauri mmoja anayeijua nyumba yake, badala ya mkaguzi anayefika mara ya kwanza akiuliza choo kiko wapi.

Jambo jingine ambalo 203(k) inalo na sisi hatukuwa nalo ni akiba ya dharura ndani ya mkopo wenyewe. Nyumba ya zamani huficha mambo. Tulipovunja sakafu ya jikoni tulikuta hapakuwa na jamvi la zege, ni mchanga ulioshindiliwa na kupakwa saruji nyembamba juu, na kazi hiyo haikuwa katika BOQ kwa sababu hakuna mtu angeweza kuiona. Bei ya nondo nayo ilikuwa imepanda tangu mchanganuo uandikwe, kwa kuwa kati ya mchanganuo na ujenzi ilipita miezi saba ya mirathi na idhini. Mkadiriaji wetu alikuwa ameweka asilimia 10 ya dharura, lakini benki iliifuta ilipokuwa ikipunguza jumla. Ningemshauri anayenifuata apunguze marumaru na jipsamu, ambavyo vinaweza kusubiri hata miaka mitatu, lakini asikubali mstari wa dharura ufutwe.

Watu wameniuliza kama isingekuwa afadhali kuchukua mkopo wa mshahara kwa ajili ya matengenezo na kuacha rehani ibaki kwa ununuzi peke yake. Kwa nyumba kama yetu haikuwezekana, kwa kuwa theluthi moja ya mshahara lazima ibaki na rejesho la ununuzi lilikuwa limekwisha kula nafasi. Kwa matengenezo madogo, jibu langu ni ndiyo, tena kwa msisitizo. Milioni 20 kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka mitano ni rejesho la karibu 497,000 kwa mwezi, na utakapomaliza utakuwa umelipa karibu milioni 29.8. Fedha hizohizo zikiingizwa kwenye mkopo wa nyumba wa miaka 15, rejesho linashuka hadi karibu 308,000, jambo linalovutia macho, lakini mwisho wake utakuwa umelipa karibu milioni 55.4. Tofauti ni zaidi ya milioni 25 kwa bati lilelile na saruji ileile. Anayeweza kuubana mshahara kwa miaka mitano, au aliye katika SACCOS yenye riba nafuu, asiingize matengenezo ya milioni 10 au 15 kwenye rehani.

Tulihamia Julai 2024. Awamu ya tatu ilikuwa imelipwa Juni, hati imebaki benki kama ilivyo kawaida, na kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida kama yetu. Ile 400,000 ya kodi ya Ubungo haipo tena, na nusu yake tumeamua kuiongeza kwenye rejesho la kila mwezi. Nilikaa na kikokotoo jioni nzima nikihakikisha, kwa sababu sikuamini nilichokiona: shilingi 200,000 zaidi kila mwezi, zikianza mapema, zinaufupisha mkopo wa miaka 15 ukawa wa miaka 10 tu, na jumla ya malipo inashuka kutoka karibu milioni 278 hadi karibu milioni 209.

Mwezi wa kwanza benki iliipokea nyongeza hiyo kama rejesho lililolipwa mapema kwa mwezi unaofuata, kwa hiyo haikupunguza riba hata senti. Niliandika barua kuomba kila nyongeza ipunguze deni la msingi, nikaipeleka mwenyewe kaunta na kungoja nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Taarifa ya akaunti ya mwezi wa pili ilionyesha deni limeshuka kama nilivyokokotoa.